Zamu ya Kwanza ya Maji

Aghbalu, 12 Oktoba 2004

Mwanangu Addi,

Pokea salamu nyingi za mama yako. Namwomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na mkeo Lamia na mjukuu wangu Nur. Huku sote tu wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, na hilo unalijua tangu zamani.

Usiucheke mwandiko. Hii ni barua yangu ya kwanza maishani, nimeiandika siku nne. Mwalimu Ghizlan wa darasa la kisomo pale msikitini alitaka kunisaidia nikakataa, nikamwambia huyu ni mwanangu, makosa yangu atayaelewa.

Habari ya uwaziri wako tuliisikia redioni kwa Ami Zayd. Wanawake walikuwa uani wanapasua kokwa za jozi. Jina lako lilipotajwa Zayd akaiweka redio chini, akasema, "Shemeji, huyu si yule aliyetumbukia kwenye mfereji wangu na suruali yake moja?" Nikamjibu ndiye, na suruali niliishona mimi, na ukitaka nitakushonea na wewe maana hiyo uliyovaa ni aibu. Watu walicheka mpaka tukapiga vigelegele. Niliwapikia chai wote, birika mara saba.

Mwanangu, ulipopata ualimu nililia. Ulipopata udiwani nililia. Ulipotaka uenyekiti wa baraza la mkoa, ndipo nilipovua mshipi wangu nikapita nyumba hadi nyumba. Unajua mwanamke wa kwetu akiuvua mshipi wake akaulaza kwenye kizingiti cha mtu, mtu huyo hana njia ya kumkatalia. Niliuvua mara thelathini, milango yote ya Aghbalu isipokuwa wangu. Kila mlango nilisema, "Addi hatatusahau." Kwa hiyo usitusahau.

Sasa nikuulize. Ile karatasi ya zahanati imefika wapi? Dereva wako aliileta mwezi wa sita, ikiwa na maneno ya Kifaransa, na wewe uliniagizia, "Mama, safari hii usitie dole gumba, andika jina lako, Rabat wajue mama yangu anajua kuandika." Siku tatu nilijizoeza jina hilo kwenye makaratasi ya sukari kabla sijaliandika pale. Ulisema ni kwa ajili ya dada yako Rabha, nami nilikuwa namfikiria yeye tu. Zahanati ingekuwapo wakati ule, asingefia juu ya nyumbu wa mizigo, njiani kwenda hospitali, kwenye theluji na mtoto tumboni.

Jingine dogo. Wamekuja vijana wenye fulana za njano wanapima chemchemi. Zayd, kwa kuwa yeye ndiye mgawa maji, alikuja kuniuliza. Tangu baba yako afariki zamu ya kwanza ya maji iko kwangu, na mwenye zamu ya kwanza ndiye anayewasemea wenzake maji yakihitajiwa na serikali. Nikamwambia hao watakuwa watu wa zahanati. Akasema, "Zahanati gani inaanzia kwenye maji badala ya kiwanja?" Nikamwambia nitakuuliza. Nijibu wewe.

Ramadhani imekaribia. Nimekufungia samli na jozi. Kula daku, usifunge kwa kahawa tupu.

Mimi mama yako,
Tuda

*

Rabat, 20 Novemba 2004

Mama,

Nakubusu mkono na paji la uso. Idi yetu ilikuwa njema, nasi tulikukumbuka. Nur amepoteza jino la mbele, anaona fahari. Lamia anakusalimu na anashukuru kwa samli, ingawa harufu yake imelijaza jokofu zima.

Barua yako niliisoma nikiwa garini kati ya mikutano miwili. Niliisoma tena nyumbani. Mama, mimi nimepokea barua nyingi toka kwa watu wakubwa, hakuna iliyonigusa kama hii. Nimemwonyesha katibu wangu mwandiko wako.

Nakutumia miwani ya kusomea na blanketi la sufu nzito. Goti lifunge, usiteremke mtoni asubuhi. Nimeagiza barabara ya kwenu isafishwe theluji mapema mwaka huu.

Mambo ya zahanati yako kwenye mipango. Serikali ni kubwa, Mama, kila kitu kina foleni yake. Kuhusu wale wapimaji, ni kazi za kawaida za kitaalamu. Ami Zayd nampenda, lakini ana mdomo. Usimsikilize sana. Na mambo kama hayo ni vizuri usiyaandike kwenye barua.

Mwanao,
Addi

*

Aghbalu, 9 Desemba 2004

Mwanangu Addi,

Salamu nyingi kwako, kwa Lamia na kwa Nur na pengo lake. Mwambie jino alirushe juani aombe jingine jeupe kama la swala wa porini, kama ulivyofanya wewe. Miwani imefika, sasa naona hata mabaka ya ukutani niliyokuwa sijui kama yapo. Blanketi ni zuri sana. Barabara imesafishwa kweli, lakini sikiliza kilichopita juu yake.

Yamepita malori manne na mtambo wa kuchimba. Wamechimba mtaro kutoka chemchemi hadi barabarani na kulaza bomba jeusi, nene kama paja la ng'ombe. Mfereji wetu wa juu umebaki na maji ya kulowesha kifundo cha mguu tu. Zayd aliwazuia kwa jembe. Kiongozi wao, kijana mpole tu, akamwambia, "Mzee, tuna kibali. Maji haya yanakwenda kutiwa chupani." Zayd akamwuliza, "Na sisi tutakunywa nini, vizibo?" Kijana akarudi kwenye mtambo wake.

Halafu watu wakaanza kunitazama. Sikuwahi kutazamwa hivyo, Addi. Kwenye tanuri ya mkate ya kijiji wanawake walinipa mgongo nilipoingia. Jirani yetu Lalla Itto, ambaye nilimshika mkono akizaa watoto wake wote watano, alichukua mkate wake mbichi akaenda kuuchomea kwake.

Ijumaa baada ya swala walikuja. Wanawake wote, Itto mbele, na kondoo dume mweupe. Nilitoka na unga mikononi. Hakuna aliyenisalimu. Mwanawe Itto alimlaza kondoo kwenye kizingiti changu akamchinja, damu ikaingia mpaka kwenye mkeka. Itto akasema, "Tuda, uliuvua mshipi kwenye milango yetu, tukakupa tulichokuwa nacho. Leo sisi tumechinja kwako. Mwambie mwanao aturudishie maji." Wakaondoka. Ile nyama ikabaki pale, sikuthubutu kuipika, nikaipeleka msikitini.

Sina haja ya kukueleza maana yake. Umezaliwa hapa. Aliyechinjiwa mlangoni akikataa hana uso tena kwa watu, wala hazikwi na watu.

Nakuomba unijibu neno moja tu. Je, unajua habari ya bomba lile? Ukisema hujui nitawaambia hujui, na nitaapa kwa ajili yako.

Kula. Vaa nguo za joto.

Mama yako,
Tuda

*

Aghbalu, 17 Januari 2005

Mwanangu,

Salamu. Hujajibu. Labda barua ilipotelea kwenye theluji, kwa hiyo nauliza tena: je, unajua habari ya bomba?

Baada ya siku nne ni Idi ya kuchinja. Mwaka huu hakuna aliyenialika na mimi sikualika mtu. Kama unaumwa mwambie Lamia aniandikie. Nakuota ukiwa mdogo, una homa, na mimi sina maji ya kukukandia.

Mama yako

*

WIZARA, OFISI YA WAZIRI
Rabat, 2 Februari 2005

YAH: CHEMCHEMI YA AGHBALU

Ndugu mwananchi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa Waziri amepokea barua yako na amenielekeza nikushukuru kwa kujali maendeleo ya eneo lako. Suala uliloliwasilisha linashughulikiwa na mamlaka husika kwa mujibu wa taratibu. Unaombwa kuwa na subira.

Wako katika ujenzi wa taifa,
(sahihi haisomeki)
k.n.y. Waziri

*

Aghbalu, 24 Februari 2005

Addi,

Salamu kwa Nur. Miwani yako imeniganda machoni kama mtu aliyezaliwa nayo, maana barua niliyoletewa niliisoma mara nyingi nikitafuta ni wapi umeandika wewe. Sikupaona. Mwalimu Ghizlan alinieleza maana ya k.n.y. Nilimwuliza, "Mwananchi ni nani hapa?" Akanijibu, "Ni wewe, Mama Tuda." Nilicheka, kisha nikamwomba anipishe nikae.

Nilikubeba miezi tisa, mwananchi. Nilikunyonyesha miaka miwili na nusu kwa kuwa hukutaka kuacha, mwananchi.

Lakini siandiki kwa ajili ya hilo. Jana Ami Zayd alikuja. Hakuwa ameukanyaga ukumbi wangu tangu siku ya kondoo. Alikataa chai. Alikuwa ametoka kwa mkuu wa tarafa mjini, wamemwonyesha kibali cha kampuni na kumpa nakala. Akaiweka juu ya meza akaifunika kwa kiganja.

"Shemeji," akasema, "nitakuuliza kama mtu anavyomwuliza dada yake. Uliwahi kuandika jina lako kwenye karatasi yoyote?"

Nikasema, "Moja tu. Ya zahanati."

Akaondoa kiganja.

Sijui Kifaransa, lakini jina langu nalijua. Kule chini palikuwa na Tuda, na ile herufi ya tatu imelala upande kama punda aliyechoka, kwa sababu siku ile mkono ulitetemeka kwa furaha. Nilifunua sanduku nikatoa karatasi za sukari nilizojizoezea. Tukaziweka pamoja. Punda ni yule yule.

Zayd alikuwa amesomewa na karani, akanisomea kwa kichwa. Kwamba mwenye zamu ya kwanza, kwa niaba ya nyumba thelathini na moja za Aghbalu, ameikabidhi kampuni chemchemi kwa miaka thelathini, kwa hiari yake, baada ya kusomewa na kuelewa. Zahanati haimo hata kwa neno moja.

"Kwa hiari yako," akarudia Zayd. "Baada ya kuelewa."

Nikamwambia, "Zayd, unadhani niliwauza?"

Akaikunja ile nakala. Halafu akasema, "Nadhani tuliuzwa sote, na wewe ndiye uliyeshikishwa kalamu." Akainuka. Mlangoni alikivuka kizingiti kwa hatua ndefu ili asipakanyage palipochinjwa.

Sasa nimeelewa kwa nini hukutaka dole gumba. Dole gumba wangesema huyu mama hajui kusoma, nani alimsomea? Aliyeandika jina lake, wanasema alielewa. Nilijifunza kuandika ili nikuandikie wewe, Addi. Ni kitu cha pekee nilichowahi kujifunza kwa ajili yangu, nawe ulikitazama ukaona kinafaa kwa kazi yako.

Na ulimtaja dada yako. Ungeweza kuniambia barabara, umeme, shule, ningesaini vyote. Ukachagua Rabha.

Andika kwa mkono wako. Usimpe mtu mwingine.

Tuda

*

Rabat, 10 Machi 2005

Mama,

Ninaandika kwa mkono wangu. Nimewatoa wote ofisini.

Ile barua ya ofisi sikuijua mpaka ulipoitaja. Barua zako mbili nilizifungia kwenye droo kwa sababu sikuwa na la kusema. Karani mmoja alizikuta humo, akadhani ni za mwananchi wa kawaida. Hilo nakuomba msamaha kabla ya yote.

Mama, wewe unaiona kazi hii kutoka kwa redio ya Ami Zayd. Nilipokuwa mwenyekiti wa baraza la mkoa nilibisha hodi kwenye ofisi hizi miaka mitano nikiomba barabara, madaraja, zahanati, wakanipa chai. Chama kilipokuwa kinagawa viti vya uwaziri niliambiwa wazi: atakayeleta mradi mkubwa katika mkoa wake ndiye atakayekaa. Mradi pekee uliokuwa tayari ulikuwa wa kampuni ile. Ulikosa sahihi moja. Yako.

Nilijiambia nikishakuwa waziri, zahanati ya Rabha nitaijenga kwa amri moja. Nilikusudia hivyo kweli. Nikakuta amri zangu nazo zina foleni.

Utaniuliza kwa nini sikukuambia ukweli. Kwa sababu ningekuambia, ungekataa.

Sasa nisikilize. Ami Zayd na wenzake wamefungua kesi mjini. Tarehe nne Aprili utaitwa. Hakimu atakuuliza swali moja: ulijua ulichokuwa unasaini? Ukisema ulijua, kesi inakufa pale pale, na mimi nitapata muda wa kuwarudishia sehemu ya maji polepole, nakuapia. Ukisema hukujua, watauliza nani alikudanganya. Mimi nimekwisha. Labda hata gerezani, Mama. Nur atafundishwa na wenzake shuleni baba yake ni nani.

Sijawahi kukuomba kitu kizito. Uliwavulia mshipi watu thelathini kwa ajili yangu. Nakuomba neno moja tu: nilijua.

Ichome barua hii.

Mwanao,
Addi

*

Aghbalu, 6 Aprili 2005

Mwanangu Addi,

Salamu kwako na kwa wa nyumbani kwako. Huku milozi imechanua, ila ya bondeni kwetu imechanua kidogo na maua yanaanguka kabla ya nyuki.

Nakuandikia kabla hujasikia kwa wengine, kama bado hujasikia.

Tangu barua yako ifike sikulala vizuri wala sikula vizuri. Nilikwenda kwenye kaburi la Rabha, nikakaa, nikarudi. Neno "nilijua" nililisema peke yangu jikoni mara nyingi kuona kama ulimi utalibeba. Ulilibeba, Addi. Sikufichi. Siku ya safari nilipanda gari nikiwa nimeamua kulisema.

Tulikuwa Zayd, Itto na mimi kwenye kiti kimoja, mimi katikati. Njia nzima nilihesabu kona. Kwenye ile kona yenye mwamba mwekundu, alipofia dada yako, gari likapunguza mwendo kwa sababu ya matope. Itto akanishika mkono. Hakunitazama, alinishika tu mkono, kama alivyonishika siku ile tulipomteremsha Rabha kwenye nyumbu. Kumbe alikuwapo. Nilikuwa nimesahau kwamba alikuwapo.

Hakimu ni mtu mdogo mwenye mafua. Aliuliza kwa Kiarabu, karani akageuza kwa Kiamazighi chetu. Wakanipa karatasi.

"Hii ni sahihi yako?"

"Mwandiko ni wangu."

"Ulijua ulichokuwa unasaini?"

Wakili wa kampuni alikuwa ananitabasamia. Ni mzuri wa sura, ana mkufu wa saa kama ule uliovaa wewe kwenye picha. Nikafungua mdomo kusema lile neno. Halafu nikaona amelala pale kwenye karatasi, yule punda wangu. Siku ile nilipomwandika nilikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote mlimani, na sikuwa najua kitu chochote. Nikifika pale nikasema nilijua, basi mimi ndiye niliyemuua Rabha mara ya pili, kwa kusoma na kuelewa.

Nikasema, "Sikujua. Niliambiwa ni karatasi ya zahanati."

"Nani alikuambia?"

Karani aliuliza mara mbili, akadhani sikusikia. Nilisikia. Nilikuwa nasubiri mtu mwingine ajibu.

Nikasema, "Mwanangu."

Itto akaanza kulia kwa sauti mpaka akatolewa nje. Hakimu akapenga kamasi, akaandika. Ikawa imekwisha, dogo tu namna hiyo.

Barua yako sikuwapa. Nimeitia kwenye tanuri ya mkate. Hilo ni jambo la mwisho nililokufichia.

Na lile neno lako, kwamba ungeniambia ningekataa. Ndiyo, ningekataa. Ndiyo maana mtu huulizwa.

Mama yako,
Tuda

*

Rabat, 15 Juni 2005

Mama,

Bila shaka mmesikia redioni. Jana nilivuliwa uwaziri. Kibali kimefutwa, mtang'oa bomba wenyewe. Kuhusu mimi bado wanachunguza.

Magazeti yameandika jibu lako neno kwa neno. "Mwanangu." Wameliweka juu ya picha yangu kwa herufi kubwa. Miaka ishirini ya kazi, Mama, kutoka darasani hadi pale, na itakayokumbukwa ni hiyo. Nilikasirika sana. Nilikuandikia barua tatu nikazichana. Katika zote nilisema umeniuza, na kila nilipofika kwenye hilo neno mkono ulisimama.

Lamia amekwenda na Nur kwa wazazi wake. Simu iliyokuwa hailali, sasa nimeiinua mara mbili leo kuona kama ni nzima.

Je, naweza kuja nyumbani?

Addi

*

Aghbalu, 27 Juni 2005

Mwanangu Addi,

Nimepokea barua yako na namshukuru Mungu u mzima wa mwili. Goti langu linaendelea. Itto ameanza kunipigia hodi tena, jana aliniletea mtindi, akakaa, akausema vibaya mtindi wangu kuliko zamani, basi nikajua tumepatana kiasi. Zayd analalamika jembe lake limepinda kwa kung'oa bomba. Maji yamerudi mfereji wa juu, siku ya kwanza yalikuwa na tope, sasa ni meupe.

Unauliza kama unaweza kuja. Mimi nimetandika kitanda chako tangu siku niliyotoka mahakamani, na shuka nimelibadilisha kila Ijumaa. Lakini nyumba si mimi peke yangu, kwa hiyo soma vizuri, usiruke mstari kama unavyosoma garini.

Zamu ya kwanza ya maji haiko tena kwetu. Nilikwenda mwenyewe kwenye baraza la kijiji nikamkabidhi Zayd. Walinikataza, Zayd mwenyewe alisema, "Shemeji, hii ni ya marehemu," nikamjibu marehemu angefanya hivi hivi, tena kwa matusi. Sasa sisi ni nyumba ya thelathini na moja. Maji yanatufikia siku ya kumi na sita, nyumba mbili kwa siku, wenzetu wote wakishamaliza. Mahindi ya baba yako yamezoea kuwa ya kwanza, yananung'unika, yatazoea.

Ukija, teremka barabarani, utembee. Usije na gari hadi kwenye chemchemi. Njoo na kondoo dume, mweupe, asiye na kasoro, wala usimtume dereva wala mtoto wa mtu kumshika. Umshike mwenyewe pembe, ukamchinje kwenye mlango wa baraza mbele ya wote, uliseme wewe kwa mdomo wako ulichofanya, kwa Kiamazighi, si kwa lugha ya ofisi. Kama watakukubalia sijui. Itto anaweza kukubali, Zayd atakukalisha muda mrefu kwanza. Mimi siwezi kukusemea. Mshipi wangu nimeufunga na sitauvua tena kwa mtu yeyote, hata wewe uliyetoka chini yake.

Wakikubali, kuna jembe nyuma ya mlango. Mfereji wetu wa chini umejaa mchanga, na siku yetu ya maji ni tarehe tisa Julai. Wakikataa, pitia kwangu hata hivyo. Utakula kwanza. Nitakutengenezea mkate wa shayiri na mafuta, nawe utaniambia Nur amekua kiasi gani.

Umeniumiza mahali ambapo sikujua mtu anaweza kufika. Sijapona. Njoo hivyo hivyo nikiwa sijapona.

Barua hii nimeisoma mara mbili, tangu juu hadi chini, ndipo nikaandika jina langu.

Mama yako,
Tuda